Nywele za mtoto chotara: maswali ya kliniki, na hiyo relaxa jamani iwacheni

Mimi ni nesi kliniki ya watoto hapa Mombasa na kila Idd au Krismasi ikikaribia naletewa watoto wa miaka mitatu, minne, sita, wana vidonda kichwani kwa sababu kuna mtu mzima nyumbani alichoka kuchana akaamua watiwe relaxa, ile dawa kali ya kunyoosha nywele. Wengi ni watoto chotara, hawa mnaowaita mapointi, manake nywele zao hazifanani na za mama wala za baba na hakuna aliyewaelekeza wazazi wafanye nini. Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyaandika hapa na majibu yake.

Kwani nywele zake zina shida gani?

Hazina shida. Unywele wa kujisokota ni bapa kidogo na umejipinda tangu ndani ya ngozi, sasa yale mafuta ya asili ya kichwa hayateremki vizuri mpaka nchani kama yanavoteremka kwenye nywele za singa, basi nywele inakauka, na ikikauka inashikana na mwenzake. Halafu kichwa kimoja unaweza kukuta aina mbili tatu, mbele mawimbi malaini, kisogoni kipilipili kabisa. Na za mtoto mchanga msizitabirie, mpaka kama miaka miwili hivi zinabadilika badilika tu.

Analia kila akiona kitana. Namchanaje?

Analia kwa sababu anachanwa kavu, kuanzia juu, na kitana cha meno madogo, tena asubuhi basi la shule likipiga honi nje. Chagua siku ambayo huna haraka. Lowesha nywele kwa maji vuguvugu, zigawe mafungu manne au sita na uyabane kwa vibanio, halafu fungu moja moja paka kondishna ya kutosha mpaka uone nywele zinateleza zenyewe. Anza na vidole, sio chanuo. Ukipata fundo, shika nywele juu ya hilo fundo, kati ya fundo na ngozi, uikaze mkononi ili ukivuta uvute mkono wako sio kichwa cha mtoto, hapo utatue fundo pole pole kwa kulichambua pembeni pembeni. Vidole vikishapita ndio unaleta chanuo la meno mapana, unaanza nchani, unapanda kidogo, unarudi nchani, unapanda tena mpaka unafika kwenye shina. Fungu likimalizika lisokote au lisuke legelege ndio ushike jengine, usipofanya hivo zitashikana tena hata hujamaliza. Kisogoni ndio kwenye kazi, manake ndiko anakolalia, na ndiko mama wengi wanaruka kwa sababu hakuonekani, wiki tatu baadaye unakuta kitu kimekuwa kama mkeka hapo nyuma.

Akichoka mwache apumzike, mpe katuni, endelea baadaye. Fundo lililoshindikana kabisa likate kwa mkasi, zitaota. Bora ukate kuliko uende mahali ninapojua unafikiria kwenda, nitafika hapo.

Nimuoshe mara ngapi? Na maji yetu ya chumvi je?

Shampuu mara moja kwa wiki, hata siku kumi, inatosha. Kila siku unazikausha. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu vizuri na yanaacha nywele ngumu, kwa hivyo kama una mtungi mmoja tu wa maji matamu uweke wa kusuuza mwisho. Akiogelea baharini Pirates au kwengineko, msuuze siku hiyo hiyo. Mafuta ya nazi ni mazuri sana, lakini pakeni nywele zikiwa na unyevu, ukipaka kavu zinang'aa tu ndani bado kukavu. Usiku mfunge kitambaa cha satini au mwekee foronya ya satini, leso ya pamba inafyonza unyevu wote.

Nyanyake anasema tumtie relaxa ya watoto, ile ya boksi lenye picha ya mtoto. Si hiyo ni laini?

La. Samahani kwa nyanya, namheshimu, lakini la. Picha ya mtoto ni ya biashara. Relaxa nyingi zina kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba, na zile zinazoandikwa ati hazina kostiki zina chokaa inayochanganywa na kemikali ya pili wakati wa kupaka, na ukali hauko mbali. Kwenye kipimo cha pH maji safi ni 7, relaxa inafika 12 mpaka 14, na 14 ndio mwisho wa kipimo. Kazi yake ni kuvunja unywele, na haiwezi kujua unywele umeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, mtoto hatulii, anajikuna, anageuka kuangalia mlango, dawa inateremka sikioni au jichoni. Ikiingia jichoni inaweza kumpofusha.

Je nikimpaka vaselini kwanza, na dakika chache tu?

La. Vaselini inalainika na kuteleza kwa joto letu hili, mnajua wenyewe, na pale alipojikuna jana pana mikwaruzo ambayo huioni.

Basi saluni, kwa mtu anayejua?

Pia la. Wengi ninaowaona walitiwa saluni na mtu anayejua. Mtoto mdogo hatiwi relaxa, iwe nyumbani, iwe saluni, iwe ni arusi ya shangazi yake.

Ishamchoma. Nifanye nini sasa hivi?

Maji. Sio ndimu, sio siki ya kuua ukali, sio dawa ya meno, sio unga, sio aloe vera. Maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kwa uchache, angalia saa, manake mama akiwa na wasiwasi dakika mbili anaziona ishirini. Mfereji ukiwa mkavu chukua mtungi na kopo umwagie, hata maji ya kisima ni sawa kwa hili. Mlaze kichwa kirudi nyuma dawa isimteremkie machoni, mvue nguo iliyoingia dawa, vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi ukiweza, usimchane. Kama imeingia jichoni lifungue kwa vidole na uendelee kumwagia maji, na kama kuna mtu mwengine nyumbani atafute tuktuk wakati wewe unamwagia. Ukimaliza, hospitali. Siku hiyo hiyo.

Lakini hakulia sana, ni wekundu tu. Nisubiri kesho nione?

Usisubiri. Hapa ndipo mnaponiumiza roho kwa sababu hili jibu nalisema kila wiki. Moto wa kemikali ya aina hii hauishii juu, unaendelea kula ngozi kwenda chini hata baada ya maumivu kupungua, na ngozi iliyoungua sana hupoteza hisia, kwa hivyo mtoto aliyenyamaza si lazima amepona. Leo wekundu, kesho malengelenge, siku ya tatu usaha. Mtoto akiletwa siku ile ile tunasafisha, tunaangalia chanjo ya pepopunda, anapona. Akiletwa siku ya tano baada ya dawa ya meno na mafuta ya nazi na ushauri wa jirani, pale kovu litakapobaki nywele hazitaota tena. Hazioti. Na anayekuja kuchekwa shuleni ni yeye.

Nimsuke basi?

Msuke, lakini legelege. Kama baada ya kusukwa hawezi kukunja uso, au panatokea vipele kando ya paji, ni kubana, fumua usiku huo huo hata kama ulilipa pesa nyingi. Nywele za mbele zikivutwa mwaka baada ya mwaka zinaweza kupotea kabisa. Kwa mtoto mdogo msiongeze nywele za bandia, ni uzito bure.

Ana mabaka ya duara yasiyo na nywele, na magamba. Ni ukavu?

Mara nyingi hayo ni mapunye, fangasi, na cream pekee haitoshi kwa sababu mdudu yuko ndani ya shina la nywele. Anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita mpaka nane, mezeni zote hata akionekana amepona. Mafuta ya taa msimpake. Na chanuo na kofia zake asichangie na wenzake.

Ni siku ya tatu tangu atiwe relaxa, panatoka maji maji na nywele zimegandana na kidonda. Naona haya kuja.

Njoo. Hakuna atakayekufukuza, na mimi hasira zangu nitaziacha mlangoni. Usibandue hiyo ganda, usimnyoe nyumbani, usimwoshe kwa spiriti wala dettol, mfunike kwa kitambaa safi kilicho kikavu na mje leo kituo kilicho karibu, Tudor, Likoni, Port Reitz, au Makadara, yaani hospitali kuu ya Coast General, moja kwa moja kama ana homa, uso umevimba au macho yamekuwa mekundu. Njoo na boksi lenyewe la dawa, na kama ulilitupa kamwulize wa saluni jina lake, ili daktari ajue ni kemikali gani iliyomchoma.