Kipigo ndani ya ndoa: yanayosemwa na ukweli wake

"Ni pombe tu, akiwa mzima hana neno."
Mlevi huyohuyo jioni alimheshimu mwenye baa, na njiani akawapisha polisi. Alipofika nyumbani akavunja simu ya mkewe. Ya kwake iko salama mfukoni. Ngumi zimetua mgongoni na mapajani, panapofunikwa na kanga. Pombe huongeza ukali wa kipigo, hilo halina ubishi, na akiiacha huenda majeraha yakapungua. Lakini kabla ya ngumi ya kwanza huwa kuna dalili nyingine: kukagua simu, kudai hesabu ya kila shilingi ya matumizi, kumzuia asiende kwa wazazi wake. Hayo hufanywa na mtu asiyeonja hata tone.

"Ni shida ya maskini."
Ugumu wa maisha unachochea, ila nyuma ya mageti pia wanapigwa. Wapo wanaoanza kupigwa pale wanapopata kipato chao, hasa mume akiwa hana kazi na akiona amri inamponyoka. Fedha za kikoba zikifika nyumbani, ugomvi unaanzia hapo.

"Mume ana haki ya kumrudi mkewe."
Hana. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hata hivyo, katika utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015-16, asilimia 58 ya wanawake na 40 ya wanaume walikubali angalau sababu moja ya mume kumpiga mke, zikiwemo kuunguza chakula na kutoka bila kuaga. Hapa ndipo penye mzizi. Mpigaji anajua kwamba mama mkwe, kungwi na wajomba watamwambia mke, "Vumilia, mwanangu."

"Angekuwa anateseka kweli angeondoka."
Anapojaribu kuondoka ndipo hatari inapopanda. Aliyewahi kukabwa koo, hata bila alama, yuko karibu zaidi na kuuawa na mtu huyohuyo. Asiage wala kutishia kuondoka. Cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na kitambulisho avihifadhi mapema kwa mtu anayemwamini. Wengi hubaki wakihofia kutoka mikono mitupu, ilhali tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

"Lazima aanzie baraza la usuluhishi."
Baraza ni la shauri la talaka. Kipigo ni jinai: aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apewe PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, daktari aijaze, kisha airudishe polisi. Aliyeumia sana atibiwe kwanza. Kama alilazimishwa tendo, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72.