Umeliona, umelisikia au umelidhani?

Msimu wa korosho uliopita, katika kijiji kimoja cha Tandahimba, mkoani Mtwara, mama mmoja aliniwekea simu yake sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanamume, haifiki hata dakika moja: "Jamani ndugu zangu, bei imeanguka mnadani, wanunuzi wamegoma, mwaka huu hakuna anayemjali mkulima. Mwenye akili auze mapema kwa anayelipa taslimu." Aliyerekodi hakujitaja. Mama aliisikiliza jioni, na kulipokucha magunia yake mawili yalikwishaondoka na mtu wa kangomba, mnunuzi wa pembeni asiyepitia mnadani, aliyepima kwa chombo chake mwenyewe na kulipa alivyotaka. Siku tatu baadaye bei ya mnada ikabandikwa kwenye ubao wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nayo ilikuwa juu kuliko alicholipwa. Alisimama pale akaisoma mara mbili, kisha akanigeukia: "Sasa mwalimu, nilidanganywa au nilijidanganya?"

Mimi ni mkufunzi wa elimu ya watu wazima. Nimefundisha kusoma na kuhesabu Newala, Masasi na Nachingwea, na nakiri kwamba miaka mingi niliamini mtu akishajua kusoma amejitosheleza. Mama yule anasoma vizuri. Alichokosa siku ile ni mtu wa kumsaidia kuibangua ile sauti kama tunavyobangua korosho, ganda kando na kiini kando.

Tuibangue basi. "Bei imeanguka mnadani" ni dai ambalo lina mahali pa kuulizwa. Tangu korosho zianze kuuzwa kwa stakabadhi ghalani mwaka 2007, yaani mkulima anakabidhi ghalani, anapewa risiti, kisha zinapigwa mnada, mnada huo hufanyika mbele ya watu, na bei hutangazwa kwa kilo, ya juu na ya chini. Ukienda kwa katibu wa AMCOS utaonyeshwa. "Wanunuzi wamegoma" nalo ni hivyo hivyo: ama waliweka zabuni zao siku hiyo, ama hawakuweka. Lakini "hakuna anayemjali mkulima" ni maoni. Msemaji anaweza kuwa na uchungu wa kweli, na ana haki ya kusema, ila hakuna mzani wa kuyapima maneno hayo ukapata jibu moja ambalo wote tutalikubali. Na lile la mwisho, "mwenye akili auze mapema", ni amri iliyovaa kilemba cha ushauri. Angalia yalivyopangwa: madai mawili yanayosikika kama taarifa ndiyo yaliyoipa nguvu amri. Mama hakuwa na haja ya kubishana na sentensi zote nne. Angeipima ile ya kwanza tu kwa kutembea hadi kwa katibu wa AMCOS, magunia yake yangebaki.

Hapa kuna kosa ambalo naliona karibu kila darasa. Mtu anadhani taarifa maana yake ni jambo la kweli, na maoni maana yake ni uongo au porojo. Sivyo. Taarifa ni kauli inayoweza kuhakikiwa, na ikihakikiwa yaweza kukutwa kweli au si kweli. "Kusini hatujawahi kupigwa na kimbunga" ni kauli ya aina hiyo. Nimeisikia Mikindani, nimeisikia Lindi mjini, ikisemwa kwa uhakika mkubwa, na si kweli: Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Wanaoisema si waongo. Hawakuwa wamezaliwa, na hakuna aliyewasimulia. Lakini jambo kutosimuliwa si ushahidi kwamba halikutokea.

Maoni nayo hayalingani. Anayesema "serikali ya kijiji ingenunua mizani mipya kabla ya kupaka rangi ofisi" akaeleza ni wakulima wangapi walilalamikia vipimo, ametoa maoni yenye miguu ya kusimamia. Anayesema "mizani mipya upuuzi mtupu" akanyamaza, huyo ametoa hasira tu. Wote wametoa maoni. Wa kwanza anastahili kujibiwa.

Ugumu huu si wetu peke yetu. Mwaka 2018 Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliwapa watu wazima 5,035 sentensi 10, tano zinazohakikika na tano za maoni, wazitenganishe. Waliopatia zote tano zinazohakikika walikuwa asilimia 26, na waliopatia zote tano za maoni walikuwa asilimia 35. Tena watu walielekea zaidi kuiita taarifa sentensi inayoupendeza upande wao wa siasa. Nikisoma matokeo hayo nawakumbuka wanafunzi wangu, na najikumbuka mwenyewe.

Iko aina nyingine ya kauli inayotusumbua sana huku pwani: utabiri. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea kusini, na watu wa Mtwara wakahimizwa kukaa mahali salama. Tarehe 25 kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili wa mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, kikaangusha nyumba na kuua watu. Mtwara ikapona. Kesho yake barazani ikawa, "Walitutisha bure." Mei 2024, tahadhari ya kimbunga Hidaya ilipotoka, wako waliokumbushia ya Kenneth ili wasihangaike. Safari hiyo mvua zilishuka kwelikweli, na barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa.

Utabiri si taarifa ya jambo lililotokea, wala si maoni ya mtu aliyeamka akajisikia. Ni hesabu ya uwezekano inayotokana na vipimo vya upepo, joto la bahari na picha za setilaiti. Anayetaka kuupima aangalie tahadhari nyingi za miaka mingi zilivyokwenda, asishike siku moja ambayo kimbunga kiligeuka kidogo kikawapiga jirani zetu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu neno "walitutisha bure" linaweza kumzamisha mvuvi.

Shambani mchanganyiko huja kwa njia nyingine. Mkulima anakuta maua ya mkorosho yamefunikwa na unga mweupe, yanakauka na kupukutika. Anarudi nyumbani anailaumu dawa aliyopuliza: "Salfa ya mwaka huu feki." Kauli fupi, lakini ndani yake mna mambo mawili. Aliloliona ni unga mweupe na maua kukauka, na hilo lina jina: ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Salfa kuwa feki hakuliona, amelidhani. Huenda kweli ni feki, na hilo hupimwa maabara. Lakini salfa ya unga ni kinga. Ukichelewa kuanza hadi ugonjwa umeshatapakaa, ukapuliza mchana upepo ukivuma, au ukaacha wiki nyingi zipite bila kurudia, utaona maua yale yale yanakauka hata kama salfa ni safi kabisa. Wanaopuliza alfajiri, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande, wanajua kwa nini wanawahi. Kabla ya kumshtaki muuzaji, muulize mpulizaji: ulipuliza lini, saa ngapi, mara ngapi?

Kwa hiyo siku hizi naanza somo na maswali matatu: umeliona, umelisikia au umelidhani? Kiswahili chenyewe kinatusaidia, tukikisikiliza. Mtu akisema "eti", anakwambia jambo si lake na hana hakika nalo. "Nasikia" ni ya kiungwana zaidi, lakini nayo inataka swali la pili: kutoka kwa nani? Inayonitia wasiwasi ni "inasemekana", kwa kuwa imemficha msemaji kabisa. Na "kila mtu anajua" ni mbaya kuliko zote, maana inakuonea aibu usiulize. Nimewahi kuona baba mzima, mwenye busara zake, akinyamaza kikaoni kwa sababu tu ameambiwa kila mtu anajua.

Kusikia si kitu cha kudharau, hata hivyo. Katika darasa la jioni Lindi mjini niliandika ubaoni sentensi tatu kuhusu yule mjusi mkubwa, yaani dinosaria, wa kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, ambaye mifupa yake iko Berlin. Ya kwanza: ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Ya pili: mjusi yule alikuwa anakula watu. Ya tatu: arudishwe nyumbani. Mzee mmoja mvuvi akasema babu yake alimsimulia jinsi mifupa ilivyobebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Alilisikia tu, lakini alijua kwa nani, na kumbukumbu za wachimbaji wenyewe zinasema vivyo hivyo. Ya pili tukaifuta bila ugomvi: mnyama yule alikula majani, naye aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, binadamu hawajakuwepo.

Ya tatu ndiyo iliyotukalisha. Kijana mmoja alitaka arudi, watalii waje Lindi badala ya kwenda Berlin. Dada anayeuza samaki sokoni akauliza nani atalipia jengo la kumweka mnyama mwenye urefu wa mita 13 kwenda juu. Mwingine akasema tuanze na barabara ya kufika Tendaguru kwenyewe. Niliziandika hoja zote ubaoni, na kwa saa nzima sikusikia mtu akimwita mwenzake mwongo.

Mwishoni mzee yule akanyoosha mkono tena. "Mwalimu, hizo mita 13 tumezichukua tu tukaendelea. Alizipima nani?"

Nikachukua chaki, nikaliandika swali lake chini ya zile sentensi.