Gari la Polisi Lililostaafu na Safari Yake Hadi Kituo cha Hisani

Katika yadi za vituo vya polisi nchini Kenya, mara nyingi utaliona gari moja limesukumwa pembeni, tairi zimelala, nyasi zimepanda mpaka usawa wa bampa, na kuku wa nyumba za askari wamejipatia kivuli chini yake. Mama anayesimamia makao ya watoto yatima ya jirani hulipita kila siku, na ikifika siku humwendea mkuu wa kituo na kumwambia: "Afande, hili mnaliacha lioze hapa, si mtupatie sisi tuwe tunawapelekea watoto hospitali?" Ombi hilo ni la busara. Katika kazi yangu ya kukagua magari ya umma yanayoondolewa kazini nimelisikia mara nyingi, na jibu huwa fupi mno: haiwezekani. Mwananchi anastahili kuelezwa kwa nini haiwezekani kwa njia hiyo, na ni njia gani inayowezekana.

Mkuu wa kituo hana mamlaka ya kuligawa gari hilo kwa kuwa si lake wala si la kituo chake. Ni mali ya umma, na kuondolewa kwake kunasimamiwa na Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015. Chini ya sheria hiyo, huundwa kamati ya kupendekeza mali ipi iondolewe na kwa njia gani, na wahandisi wa mitambo wa Serikali hulikagua gari na kulikadiria thamani. Kifungu cha 165 kinataja njia zenyewe: kuhamishia mali kwa taasisi nyingine ya umma, kuuza kwa zabuni ya wazi, kuuza kwa mnada wa hadhara, kubadilishana na muuzaji wa mali mpya, au kuiondoa kama taka kwa utaratibu unaofaa, na kinaacha nafasi kwa njia nyingine zitakazowekwa na kanuni. Zawadi kwa shirika la kibinafsi, hata liwe la hisani kiasi gani, haimo katika orodha hiyo. Naliona zuio hilo kuwa la haki, kwa maana mlango wa zawadi ukiachwa wazi, watakaoingia kwanza watakuwa wenye kujuana na wakubwa, na yule mama wa makao ya yatima atabaki nje.

Yapo pia magari ambayo hata Serikali yenyewe haiwezi kuyatoa. Tangu mwaka 2013 polisi wamekuwa wakitumia magari ya kukodi, ambayo mengi utayatambua kwa nambari za kiraia badala ya zile za Serikali zinazoanza na GK. Hayo ni mali ya kampuni zilizoyakodisha, na mkataba ukiisha hurudi kwa wenyewe.

Kwa hiyo, ikiwa anayehitaji gari ni taasisi ya umma, kwa mfano hospitali ya kaunti au shule ya umma ya watoto wenye ulemavu, njia ni kuomba uhamisho kwa maandishi, na sheria inaruhusu uhamisho huo ufanyike bila malipo. Ikiwa ni kituo cha hisani cha kibinafsi, njia safi ni kumpata mfadhili, awe mfanyabiashara, chama cha akina mama au waumini wa kanisa au msikiti, alinunue gari katika mnada wa hadhara kama mnunuzi mwingine yeyote, kisha alitoe. Mnunuzi aulize mapema kuhusu ushuru, kwa sababu gari lililoingizwa nchini bila ushuru kwa matumizi ya Serikali linaweza kudaiwa ushuru huo linapoingia mikononi mwa mtu asiye na msamaha, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Jambo jingine ninalolisisitiza kila mara ni kwamba gari lisajiliwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa jina la shirika lenyewe, kamwe si kwa jina la mkurugenzi. Mkurugenzi akifariki au akigombana na bodi, gari lililo kwa jina lake huenda na familia yake, na watoto hubaki wakingoja bodaboda.

Kazi inayopuuzwa kuliko zote ni ya kulivua gari upolisi wake. King'ora, vimulimuli, redio ya mawasiliano na nambari za GK ni lazima vitoke kabla gari halijaondoka yadini, kwa kuwa gari linalofanana na la polisi likiwa mikononi mwa raia ni chombo tayari cha mwizi wa barabarani. Kubandua maandishi peke yake hakutoshi. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikupigwa na jua kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo ukisimama ubavuni mwa gari jua la jioni likilala, utalisoma neno POLICE mlangoni wazi kabisa, kana kwamba limeandikwa kwa maji. Dawa yake ni kupiga msasa na kupaka rangi upya mlango mzima. Juu ya paa, pale vilipofungwa vimulimuli, hubaki matundu ya skrubu ambayo yasipozibwa hupitisha maji ya mvua hadi kwenye nyaya. Chini ya dashibodi nako hubaki nyaya za redio zilizokatwa na kuachwa zikining'inia, nazo huweza kunyonya betri usiku kucha au kuanzisha moto. Viti ving'olewe na chini yake pafagiliwe kwa makini, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika hapo ni hatari kubwa mikononi mwa mtoto.

Kuhusu ubora wa injini, msomaji asidanganywe na idadi ya kilomita. Gari la doria husimama kwenye vizuizi injini ikinguruma kwa saa nyingi, na uchakavu huo hauonekani kwenye mita ya kilomita. Kampuni ya Ford, ambayo kwa miaka mingi imetengeneza magari ya polisi wa Marekani, huhesabu kwamba saa moja ya kunguruma bila kusogea ni sawa na mwendo wa kama kilomita 53. Kisha kuna mafuta. Land Cruiser ya doria yenye injini ya dizeli ya silinda sita, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, iliundwa kwa ajili ya barabara za Turkana na Garissa, na shirika linalohitaji kupeleka watoto watatu kliniki mara moja kwa wiki litapata nafuu zaidi kwa gari dogo. Kabla ya kupokea, bodi ipige hesabu ya dizeli, bima ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, tairi, ukaguzi na mshahara wa dereva kwa mwaka mzima. Ikiwa fedha hizo hazipo, ni heshima kubwa kumshukuru mfadhili na kukataa.

Ndugu zetu walioko ng'ambo nao huniandikia wakitaka kununua magari yaliyostaafu huko na kuyatuma nyumbani. Kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi isipokuwa liwe la kazi maalumu. Gari la polisi kutoka Uingereza linaweza kupita likiwa bado changa. La Marekani, lenye usukani wa kushoto, likitakiwa kwa matumizi ya kawaida ya kituo, litakwama bandarini Mombasa.

Kuna kasoro moja ambayo niliikuta kwenye makao ya watoto yaliyokwisha kupokea gari lao na kulisherehekea kwa nyimbo. Milango ya nyuma ya magari mengi ya kubebea mahabusu haifunguki kutoka ndani, na vioo vyake havishuki, kwa sababu viliundwa kumzuia mtu asitoroke. Gari hilo lilikuwa limepakwa rangi vizuri na kuwekewa mikanda ya usalama, lakini hakuna aliyekuwa amekumbuka vitasa, na lilikuwa limebeba watoto hivyo kwa miezi miwili. Tangu siku hiyo, siku ya makabidhiano mimi huketi kiti cha nyuma kwanza, naomba milango yote ifungwe, kisha naishika kila komeo na kujaribu kutoka peke yangu kabla ya hati kutiwa saini.