`cd ..` haijakosea: ndivyo POSIX inavyotaka

Wengi wanaotumia Linux huamini kwamba `..` ni saraka moja tu, ile iliyo juu ya hapo ulipo, na kwamba kila amri itafika palepale. Wakiona tofauti, husema sheli, yaani programu inayopokea amri zako, imekiuka POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix. Sivyo kabisa.

Tuseme /home/asha/picha ni kiungo (symlink) kinachoelekeza kwenye /data/picha. Ingia humo kwa `cd /home/asha/picha`, kisha andika `ls ..`. Utaona vilivyomo /data. Sasa andika `cd ..` halafu `pwd`: uko /home/asha. Nukta mbili zilezile, mahali pawili tofauti. POSIX ndiyo inayoagiza hivyo. Bila chaguo lolote, cd hufanya kazi kana kwamba umeandika -L: hushika njia uliyopitia, iliyohifadhiwa kwenye kigeu PWD, na kukata kipande chake cha mwisho. ls huuliza kerneli, kiini cha mfumo, nayo inajua saraka halisi tu. Ukitaka cd nayo ifuate saraka halisi, andika `cd -P ..`.

Si jambo dogo hili. Mtu akichungulia kwa `cd ..`, akarudi kwenye picha na kuandika `rm ../*.jpg`, atafuta faili za /data, si zile alizoziona. Na rm hairudishi kitu.

Wala cd si kimya siku zote. Saraka ikipatikana kupitia CDPATH, kigeu chenye orodha ya mahali ambapo cd hutafuta, POSIX inataka njia kamili ichapishwe, ndiyo maana `$(cd src && pwd)` yaweza kutoa mistari miwili ndani ya skripti. Mimi huandika `cd ./src`, na CDPATH haitazamwi.