Sentensi ya mfano: neno na wenziwe

Mpwa wangu anajiandaa kuwa mtembeza watalii pale Fort Jesus. Juzi, tukiwa barazani Mji wa Kale na vikombe vya kahawa tungu, alinisomea maelezo yake ya Kiingereza, na humo ngome ikaitwa "notorious". Nikamwambia neno hilo hapo halikai.

"Mjomba, kamusi yasema ni mashuhuri. Kwani Fort Jesus si mashuhuri?"

Kamusi yake ndogo haikumdanganya, ila haikummalizia. "Notorious" ni mashuhuri kwa ubaya. Sisi nasi tunayo maneno yenye tabia kama hiyo: mwizi tutamwita sugu, lakini hakuna anayemsifu ustadhi wake kwa kumwita sugu.

Hapo ndipo sentensi ya mfano inapohitajika. Maana iliyoandikwa katika kamusi hukwambia neno limebeba nini. Sentensi ya mfano hukuonyesha linaandamana na maneno gani, na kama lina sifa ndani yake au lawama. Mgeni aliyesoma kwamba kupiga ni kugonga kwa mkono au fimbo atatushangaa: twapiga pasi, twapiga simu, twapiga mswaki, twapiga mbizi, na hakuna aliyeumia. Kiingereza kina mambo yayo hayo. "Commit", likiwa na maana ya kutenda, huandamana na uhalifu, dhambi na makosa, sadaka hailitaki. Chai iliyokolea huitwa "strong". "Powerful" nalo ni lenye nguvu, lakini chai haiitwi hivyo, na hakuna kanuni itakayokueleza sababu.

Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hutambulika kwa wenzi wake. Kamusi ya Kiingereza ya COBUILD, iliyotoka mwaka 1987, ilikwenda mbali zaidi: hata maana zenyewe ziliandikwa kwa sentensi kamili, na mifano ikatolewa katika Kiingereza kilichokwisha kutumiwa na watu, kikakusanywa kwenye kompyuta. Hapa kwetu jambo hili si geni. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, na maneno mengi humo yamefuatana na sentensi za Kimvita.

Kunakili mifano ya wengine ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu, ni kutunga yako, na wengi hutunga sentensi zisizo na kazi. Tuchukue "meticulous", yaani mwangalifu sana hata kwa vitu vidogo vidogo. Ukiandika tu kwamba fundi fulani ni "meticulous", waweza kulitoa neno hilo ukaweka mrefu, maskini au mlevi, na sentensi ikasimama vilevile. Hujajifunza kitu. Lakini ukiandika kwamba fundi huyo ni "meticulous" hata hupima kila ua la nakshi ya mlango mara tatu kabla ya kugusa patasi, mlevi hapenyi tena. Sentensi yenyewe imelishika neno. Mimi hupenda iwe juu ya kitu unachokijua kwa macho: feri ya Likoni, bei ya samaki, jirani asiyerudisha sufuria. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Anayekariri hamsini kwa usiku mmoja huamka na matano, tena hajui pa kuyaweka.

Mpwa wangu neno lake hakulitupa. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 sasa anaiita "famous". Akifika kwenye miaka ya 1895 hadi 1958, Waingereza walipoifanya jela, ndipo anapoliingiza "notorious", na safari hii sikuwa na la kumsahihisha.