Nauli: neno lililoteremka kutoka chomboni

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka za meli, na hakuna neno ninalolitetea kama nauli. Wengi tunalijua kwa sababu ya daladala na matatu: kondakta anachezesha sarafu mkononi, nasi tunajua tunadaiwa nini. Hata hivyo, asili yake ni baharini. Tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako nawl ni malipo ya kusafirishwa kwa chombo, na Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki, ambao naulon yao, yenye maana hiyohiyo, inatokana na naus, yaani merikebu. Waitalia walilichukua wakapata nolo, ambalo leo hulitumia hata kwa kukodi gari, kwa hiyo si sisi peke yetu tuliolileta nchi kavu.

Kosa ninalokutana nalo kila wiki ni kudhani kwamba nauli ni ya abiria tu. Ikifika hati ya shehena, wenzangu wengi huandika "gharama za usafirishaji", maneno ambayo yanaweza kubeba pia ushuru wa bandari, bima na ujira wa makuli, ilhali nauli ni haki ya mwenye chombo peke yake. Siku moja gatini Malindi, Unguja, nilimsikia nahodha wa jahazi akipatana na mwenye boriti, ambazo huhesabiwa kwa korija, yaani miti 20 kwa korija moja. Akamwambia: "Nauli ya korija tumeshapatana, mwanangu, makuli utawalipa mwenyewe." Malipo mawili yalitengana papo hapo, bila hati wala mwanasheria.

Tofauti yake na kukodi nayo inafaa ishikwe: ukichukua chombo kizima umekikodi, ukilipia nafasi ndani yake umetoa nauli. Katika wingi neno halibadiliki. Tunasema nauli hii na nauli hizi, na "manauli" ninayoyaona siku hizi huyafuta.

Kwa hiyo katika hati ninazozitafsiri huandika "nauli ya shehena". Ikiwa mpelekaji amekwisha kulipa kabla meli haijang'oa nanga, huandika "nauli imelipwa". Ikiwa deni linamngoja mpokeaji, huandika "nauli italipwa kwenye bandari ya kushushia", na karani wa forodhani hunielewa bila kuuliza.