Cha pamoja si shamba la bibi

Mto Ruaha Mkuu, hapa Tanzania, ukikata maji kiangazi, kama ulivyozoea tangu 1993, hakosi mtu wa kutuambia mikutanoni kuwa hilo ndilo "janga la mali ya pamoja". Cha wote hakina mwenyewe, anasema, wapewe wawekezaji. Usemi huu umenichosha.

Maana yake kwanza. Katika nadharia ya michezo, yaani elimu ya jinsi watu wanavyoamua pale uamuzi wa mmoja unapowagusa wengine, ni hali ambayo kila mmoja akifuata linalomfaa yeye, wote wanaumia. Mkulima wa mpunga Mbarali, sehemu za juu za mto, akifungulia maji mengi, mavuno ni yake. Ukame wanagawana walio chini. Akijibana, jirani atayachukua. Basi.

Sasa tazama mfano wa Garrett Hardin, Mmarekani aliyelipa neno hili umaarufu mwaka 1968. Malisho yake hayazuii yeyote kuingia, hayana kanuni, na wafugaji wake wanaongeza ng'ombe bila hata kusemezana. Hilo ni shamba la bibi. Mwaka 1998 Hardin mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kusema anazungumzia mali isiyosimamiwa. Wanaomnukuu hawajafika huko.

Mali ya pamoja ina wenyewe, tena wanajuana. Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi 2009, alichunguza mifereji ya wakulima nchi mbalimbali, Nepal ikiwemo, akakuta mingi inaendeshwa vizuri na wakulima wenyewe. Siri mojawapo iko kwenye banio, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini. Masika yakileta tope na magogo, wa juu hawezi kuzibua peke yake. Anahitaji majembe ya wa chini. Akiwanyima zamu yao ya maji, mwakani hawatatokea. Mchezo unarudiwa kila msimu, wizi wa usiku mmoja unakuja kumgharimu, na ubinafsi uleule aliolaumiwa nao ndio unaomfanya afunge maji saa yake ikiisha.

Ruaha ni habari nyingine. Anayetegemea maji ya bwawa la Mtera, mbali chini ya mto, haji Usangu, kwenye mashamba ya Mbarali, kuzibua mfereji wa mtu, wala mkulima wa Usangu hamjui. Sheria ya maji ya 2009 imeweka vibali na jumuiya za watumia maji, lakini kibali hakifungi banio. Lazima awepo mtu wa kulikagua, na jirani mwenye sababu ya kulalamika.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mikutanoni, kwa mto uliokauka sema "maji yasiyosimamiwa", nami nitakuunga mkono. Ule mfereji wa kijiji wenye zamu, faini na mwenyekiti mkali, uache na jina lake.